Vitufe vya Mama Tanzia

Kwa masikitiko makubwa, na bila hata chozi moja, ukoo mzima wa kibodi unatangaza kifo cha kitufe cha kupunguza mwanga wa kioo, kilichofariki dunia ghafla, kikiwa kazini, mikononi mwa Mama Tanzia wa dirisha la matangazo. Marehemu ameacha mjane, yaani kitufe cha kuongeza mwanga, ambaye naye hali yake si nzuri. Ameacha pia ndugu zake wawili, wa kupandisha sauti na wa kushusha sauti, waliouawa siku hiyohiyo, na binamu yao mwenye picha ya ndege, ambaye hakuna mtu katika ofisi ile aliyewahi kujua alizaliwa afanye nini. Mazishi yamekwisha kufanyika. Hakuna aliyealikwa. Habari ziwafikie watengenezaji wa laptopu popote walipo, wajue kwamba watoto wao waliwazaa bure.

Hivyo ndivyo Mama Tanzia mwenyewe angeliandika, kama angepata nafasi. Hakuipata. Alikuwa na foleni.

Dirisha lake lilikuwa chini ya ngazi, katika jengo la gazeti la mji, kati ya choo cha wanaume na chumba cha kuhifadhia karatasi. Lilikuwa na kioo, na kioo kilikuwa na tundu la kuongelea, na tundu lile fundi alilitoboa chini mno, pengine alipima kwa urefu wa mwanawe. Kwa hiyo kila mfiwa aliyefika pale ilibidi ainame kama anayetafuta sarafu iliyomdondoka. Bosi alipoambiwa, alisema ni vizuri, kunaonyesha heshima kwa marehemu. Mama Tanzia alimjibu kwamba marehemu hayupo pale, aliyepo ni mtu mwenye kiuno kibovu. Tundu likabaki lilivyo.

Kazi yake ilikuwa kupokea matangazo ya familia: vifo, harusi, hati zilizopotea, na nyumba ambazo haziuzwi ingawa kuna mjanja kazitangaza. Vifo ndivyo vilivyokuwa vingi, na jina likamganda. Ukikutana naye barabarani akakuangalia mara mbili, ulianza kujipapasa kifua kama moyo bado unadunda. Na akikusalimia kwa upole, watu walisema, jua kwamba amekwisha kukuandika.

Lakini upole wenyewe ulikuwa nadra. Mama Tanzia alikasirika kama watu wengine wanavyopumua, bila kupumzika na bila kujua kwamba anafanya hivyo. Na tusimlaumu kabla ya kukaa kwenye kile kiti. Msiba una kawaida moja: unawakusanya ndugu ambao kwa miaka walikuwa wamefanikiwa kutoonana. Wanafika dirishani wote, wanainama wote, na wote wanataka jina la kwanza.

"Andika mfanyabiashara mashuhuri," alisema siku moja kijana mmoja, mtoto wa dada wa marehemu.

"Mashuhuri kwa nani?" Mama Tanzia akauliza. "Mimi niko mji huu tangu meno ya utotoni. Simjui."

"Shangazi, andika tu."

"Hapana," akadakia shemeji mtu kutoka nyuma. "Andika kwanza jina langu. Mimi ndiye niliyemuuguza."

"Ulimuuguza au ulimuugulisha?" kijana akamgeukia.

"Wewe! Ulileta nini hospitalini zaidi ya mdomo?"

"Kimya!" Mama Tanzia aligonga kioo kwa pete, mlio ukafika mpaka orofa ya juu. "Katika familia hii marehemu ndiye peke yake mwenye adabu. Wa kwanza kusema tena, jina lake silitii humu, na mazishini ataitwa mpita njia."

Wakanyamaza. Walinyamaza kila mara. Kisha yeye akabonyeza vitufe vyake vya juu mara nne, tangazo zima likatoka limevaa suti, nao wakaondoka wakiwa wamepatana angalau mpaka langoni.

Vitufe hivyo ndivyo tulivyokuja kuvizungumzia.

Kwenye safu ya juu kabisa ya kibodi kuna vitufe kumi na viwili vinavyoitwa F moja mpaka F kumi na mbili. Aliyevibuni alivipa kazi ambazo mtu mzima hazihitaji: mwanga upungue, mwanga uongezeke, muziki urudi nyuma. Kwa miaka Mama Tanzia aliviacha vikae kama unavyowaacha wageni wasio na mpango wa kuondoka. Mpaka siku alipokuwa akituma ukurasa mtamboni, kidole kikateleza kikagusa kile chenye picha ya ndege. Laptopu ikakata mawasiliano na dunia. Ukurasa haukufika, gazeti likatoka na nafasi nyeupe, na mama mmoja akazikwa na watu wachache kwa sababu wengi hawakupata habari.

Alimpelekea laptopu fundi wa kompyuta wa mtaa wa pili akiwa ameibana kwapani kama jogoo aliyekamatwa kwenye bustani ya mtu.

"Nani aliomba ndege?" aliuliza kabla hata ya salamu. "Mimi nakaa chini ya ngazi, karibu na choo. Nitarukia wapi?"

"Mama, hiyo ni ya kuzima mtandao ukiwa angani."

"Niko angani mimi?"

Fundi akaona ni salama zaidi kumsaidia. Akamwonyesha programu ndogo iliyokuwamo humohumo kwenye mashine: unachagua kitufe, unakinyang'anya kazi yake ya zamani, unakipa mpya. Unaweza hata kukifundisha sentensi nzima, ukikibonyeza kinaimwaga yote kwa mkupuo.

"Kumbe ni kama kumfukuza mtu kazi," Mama Tanzia alisema.

"Tena bila barua, mama."

Kitufe kimoja fundi alikibadilisha yeye. Vilivyobaki Mama Tanzia alivimaliza mwenyewe, kimoja baada ya kingine, kwa furaha ya mtu anayechinja kuku waliomdonoa. Kwani wafiwa wote husema maneno yaleyale, na vidole vyake vilikuwa vimechoka kuyarudia. F moja ikawa *Kwa masikitiko makubwa*. F tatu, iliyokuwa ya kupandisha sauti, ikawa *amefariki dunia ghafla*. F nne ikawa *baada ya kuugua kwa muda mrefu*. Mbele kidogo kulikuwa na *Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo*. Harusi alizipa F nane, *Kwa furaha isiyo na kifani*, ingawa yeye binafsi alikuwa na maoni yake kuhusu kifani. Na ile ndege iliyomuudhi aliiadhibu kuliko zote: akaipa kazi ya kutuma ukurasa mtamboni. Ukiibonyeza, umetuma. Haiulizi mara mbili.

Mpaka hapo alikuwa mfanyakazi hodari tu. Lakini kulikuwa na jambo jingine.

Bosi, yaani mkurugenzi wa gazeti, alikuwa na ndugu kama mchwa: humwoni akiingia, unaona tu ukuta umeisha. Mpigapicha wa zamani alikwenda likizo akarudi akakuta kamera imeshikwa na shemeji wa Bosi, mtu aliyewapiga waheshimiwa picha kuanzia shingoni kwenda chini. Mtunza stoo aliugua mafua, akapona akakuta kaka. Mama Tanzia aliyaona hayo kupitia tundu lake, akaapa: mimi hawanitoi. Basi hakuandika popote kitufe kipi kinafanya nini. Akachukua rangi ya kucha nyeusi akavipaka vyote kumi na viwili, visionekane hata namba. Kila aliposikia ndugu mpya ameonekana ngazini, alivihamisha kidogo, harusi akaisogeza huku, hati iliyopotea akaipeleka kule. Moja, tatu, nne na ile ya kutuma ndizo tu alizoziacha mahali pake, kwa kuwa vidole vilikwisha kuzizoea. Laptopu ile ikawa mke mwenye wivu. Haikumkubali mwingine.

Na kweli, Bosi alipomleta mpwa wake wa kike "aje ajifunze-jifunze hapo chini", mtego ulifyatuka wenyewe. Binti huyo aliitwa Kucha, kwa sababu kucha zake zilifika mahali popote kabla yake. Mama Tanzia alikwenda chooni dakika tu. Kucha akakalia kiti, akaona tangazo la harusi liko wazi, akafungulia wimbo pembeni, na kama kila mtu wa rika lake, akabonyeza F tatu ili kuongeza sauti. Sauti haikuongezeka. Akabonyeza tena. Akabonyeza kwa hasira. Kisha akajaribu kuzima kila kitu kwa kile kilichokuwa mahali pa ndege, na ukurasa ukaenda mtamboni.

Asubuhi yake mji mzima ulisoma kwamba bwana harusi, katika ndoa itakayofungwa Jumamosi, amefariki dunia ghafla amefariki dunia ghafla amefariki dunia ghafla, na kwamba wote wanakaribishwa kusherehekea. Bwana harusi mwenyewe alikuja dirishani na gazeti mkononi. Akainama.

"Mama, mimi nimekufa?"

"Unajisikiaje?" akauliza Mama Tanzia.

Kwa muda mrefu baada ya hapo hakuna ndugu wa Bosi aliyethubutu hata kuipangusa vumbi laptopu ile. Mama Tanzia alishinda vita. Alikaa kwenye kiti chake kama jiwe la msingi, na hakujua kwamba jiwe la msingi nalo haliruhusiwi kutoka.

Alilijua siku binti yake alipopiga simu.

Binti alikuwa mmoja tu. Aliolewa mji mwingine, safari ya basi kutwa nzima, na mimba ilikuwa ya kwanza na imekaribia. Presha ilikuwa imepanda. Miguu imevimba. Daktari alikuwa amesema alale, asinyanyue kitu, na zaidi ya yote asibaki nyumbani peke yake. Mumewe alikuwa safarini na lori la kampuni, huko ambako simu hushika siku moja na kugoma tatu.

"Mama, njoo," alisema. Hakusema zaidi.

Mama Tanzia alipanda ngazi. Alikuwa hapandi ngazi zile mara nyingi, na kila aliyekutana naye alisogea ukutani. Bosi alikuwa kwenye kiti chake kinachozunguka, feni ikimpepea upara.

"Bosi, naomba likizo."

"Ya nini, mama yangu?"

"Binti yangu anakaribia kujifungua. Presha imepanda. Daktari kasema asibaki peke yake, na mume yuko njiani."

"Pole sana. Na hongera pia."

"Nashukuru. Likizo."

Bosi akazungusha kiti nusu, akakirudisha. "Mama, kwani wewe ndiye unayezaa?"

Alicheka. Alicheka peke yake, feni tu ndiyo iliyomsindikiza.

"Nauliza kwa wema," akaendelea. "Nani ataikalia ile mashine? Kucha? Si alituulia bwana harusi! Nikimweka mtu mwingine, wiki ijayo si watu watafufuka? Mama, ungeiacha laptopu kama ilivyotoka dukani, ningekwambia nenda, hata sasa hivi. Lakini umeifunga kamba zako mwenyewe, na fundo umelificha. Sasa mimi nifanyeje?"

Mama Tanzia alishuka ngazi. Na hapa lazima tuelewe ukubwa wa hasira yake, maana ilikuwa si ile ya kila siku. Hakuna kinachoudhi duniani kama mpumbavu anaposema kweli. Ukimkasirikia, kweli inabaki palepale inakuchekea. Alimkasirikia Bosi, akamkasirikia mkwe na lori lake, akamkasirikia fundi aliyemwonyesha ile programu. Alipokosa wa kumkasirikia alifika kwake mwenyewe, na huko hakuwa na mazoea ya kwenda, akageuza haraka.

Kulikuwa na la zaidi. Yeye alipomzaa huyu binti alizaa peke yake, katika wodi ambayo kila kitanda kilikuwa na mama wa mtu pembeni isipokuwa chake. Mama yake alikuwa mfuaji katika hoteli. Aliomba ruhusa, tajiri wake akamwambia mashuka hayajifui. Alikuja baada ya juma zima, mikono imechubuka kwa sabuni, akamshika mtoto kwa mgongo wa mikono ili asimkwaruze. Mama Tanzia hakumsamehe yule tajiri mpaka alipokufa, na alipokufa alilitia tangazo lake gazetini kwa F nne, *baada ya kuugua kwa muda mrefu*, akatamani kuibonyeza mara mbili.

Jioni, akiwa anatembea kurudi nyumbani, alimpigia binti yake.

"Amekataa," alisema.

"Mama, usikasirike."

"Nani kakasirika?"

"Unapumua kama pampu."

"Anasema hakuna anayeweza mashine yangu."

"Si kweli?"

"Ni kweli! Ndiyo maana nimekasirika!"

Binti akasema polepole, "Basi si uvifungue tu hivyo vitufe, Mama."

"Nikivifungua wananitoa. Unawajua hawa? Kesho yake tu kiti kina binamu."

Upande wa pili kulisikika kitanda kikilia, mtu mzito akijigeuza. "Basi haidhuru," binti alisema. "Jirani atakuwa ananichungulia."

"Jirani yupi? Yule anayesahau sufuria jikoni mpaka linatoboka?"

"Huyohuyo."

Mama Tanzia alisimama katikati ya barabara. Mwenye pikipiki alimpigia honi, yeye akampigia msonyo uliomfikisha mpaka kona ya mbele.

Asubuhi alimwita Kucha. Alimkalisha kwenye kile kiti, yeye akasimama nyuma yake na rula.

"Leo unajifunza. Cha kwanza kutoka kushoto?"

"Masikitiko makubwa."

"Cha tatu?"

"Kifo cha ghafla. Hicho nakijua, Shangazi. Hicho hata nikizeeka sikisahau."

"Cha nne?"

Kucha akafikiri, kidole kikielea. "Harusi?"

"Ugonjwa wa muda mrefu!"

"Vinafanana, Shangazi."

Mama Tanzia alikaribia kucheka, jambo lililomkasirisha zaidi. Akagonga meza kwa rula. Waliendelea hivyo asubuhi yote, katikati ya wafiwa. Kila Kucha alipopatia viwili alikosea vitatu. Alituma hati iliyopotea kwa masikitiko makubwa. Aliialika jamii nzima kwenye kiwanja kisichouzwa. Foleni ilifika mpaka mlangoni, watu wameinama na kuinuka kama wanafanya mazoezi ya viungo.

"Wewe una kichwa au una kibanio cha nywele tu?" Mama Tanzia alifoka. "Kitu gani kigumu? Kumi na viwili tu! Au unafanya makusudi? Mjomba wako kakutuma ushindwe ili nisiondoke? Au ushinde ili nisirudi? Sema!"

Kucha aliondoa mikono kwenye kibodi. Macho yalikuwa yamejaa, ila hayakumwagika.

"Shangazi, mimi sikitaki kiti chako," alisema. "Nilitaka kwenda kujifunza kushona. Mjomba kasema kushona ni aibu, nije hapa nikae na maiti. Kila siku nanuka choo. Usiku naota bwana harusi anainama kwenye tundu."

Nyuma ya kioo mzee mmoja mfiwa akaguna kwa huruma. Mama Tanzia akaanza kumkata jicho, akaacha.

"Ukiondoka nikakosea, Mjomba atanila mimi," Kucha akaendelea. "Usipoondoka, binti yako atabaki peke yake. Sasa kwa nini tunahangaika na kukariri? Virudishe vilivyokuwa dukani. Mimi nitaandika herufi moja moja. Nitachelewa, watu watanitukana. Lakini sitaua mtu."

Ilikuwa rahisi hivyo, na ndiyo maana iliuma. Miaka yote ya ujanja, rangi ya kucha, kuhamisha-hamisha, dawa yake ilikuwa kitufe kimoja chini ya ile programu, kilichoandikwa *Rudisha vyote*. Mama Tanzia alikijua. Alikuwa amekiona kila siku na kukikwepa kama mtu anavyokwepa macho ya jamaa yake hospitalini.

Akashika kipanya cha laptopu. Akakibonyeza kile kitufe.

Kioo kikamuuliza: *Je, una uhakika?*

"Tazama hii!" alipiga kelele, foleni nzima ikaruka. "Miaka yote haijawahi kuniuliza kitu kwa adabu. Niliporuka na ndege haikuuliza. Bwana harusi alipokufa mara tatu haikuuliza. Leo ndiyo inajifanya mama mkwe! Nina uhakika? Mimi nina presha ya mtoto wangu, mpumbavu wewe wa bati, bonyeka!"

Akabonyeza. Vitufe kumi na viwili vikarudi kuwa vijinga.

Kisha akachukua kitambaa na dawa ya kufutia rangi aliyoazimwa na Kucha, akavisugua kimoja kimoja mpaka picha zikaonekana tena: jua dogo, jua kubwa, spika, ndege. Alivisugua kwa nguvu, meno ameyauma, na ukimwangalia ungedhani anaosha maiti.

Bosi alishuka mwenyewe kuhakikisha. Akainamia laptopu, akabonyeza jua dogo, kioo kikafifia. Akabonyeza jua kubwa, kikang'aa. Akafurahi kama mtoto aliyepewa filimbi.

"Kumbe inawezekana!" alisema. "Sasa nenda, mama. Nenda salama kabisa. Kaa kadiri upendavyo."

"Kadiri nipendavyo?"

"Yaani, usijipe wasiwasi wa kurudi. Wa kurudi haraka, nimaanishe."

Nyuma yake ngazini alikuwa amesimama kijana ambaye Mama Tanzia hakuwahi kumwona, mwenye pua ileile ya ukoo, ameshika mkoba wa kazini mpya ambao bado ulikuwa na karatasi ya bei.

"Nimekusikia, Bosi," Mama Tanzia alisema. Alikuwa akikusanya vitu vyake: kikombe, kanga ya kujifunika feni ikizidi, viatu vya kubadilishia. "Umekitaka kiti changu tangu nywele zako zilipokuwa kichwani. Kichukue. Kimepasuka upande wa kushoto, kinafinya tako. Nimefinywa miaka na miaka kwa ajili ya gazeti hili, na leo unaniuliza kama mimi ndiye ninayezaa. Ndiyo, ndiye mimi. Nilizaa peke yangu kwa sababu ya mtu kama wewe, na huyu wangu hatazaa hivyo. Mweke huyo ndugu yako. Mwambie aegemee kulia. Na lile tundu lipandishe, maana mtu aliyefiwa hakukukosea kitu."

Akampita. Alipofika kwa kijana mwenye pua alisimama, akamtazama juu mpaka chini, kisha akamtazama mara ya pili. Kijana akajishika kifua.

Alipanda basi la mchana. Njiani aligombana na kondakta kuhusu dirisha, na abiria wa mbele kuhusu kiti, na kuku wa mtu kuhusu tabia. Alipofika kwa binti yake alimkuta jirani amekaa sebuleni, na jikoni kuna kitu kinaungua. Alimtoa jirani kwa maneno ambayo hatuwezi kuyachapa hapa. Kisha akaingia chumbani, akakaa kwenye ukingo wa kitanda, akaichukua ile miguu iliyovimba akaiweka mapajani pake. Hakufoka. Binti aliogopa, akamuuliza kama anaumwa.

Uchungu ulikuja mapema. Hospitalini Mama Tanzia aligombana na mlinzi aliyesema saa za kuona wagonjwa zimekwisha, akagombana na muuguzi aliyesema subirini, akagombana na muuguzi wa pili aliyesema huyo wa kwanza amekwisha sema. Presha ilipanda, vyeo vya walioitwa navyo vikapanda, mpaka akaja daktari mwenyewe. Walimkimbiza binti chumba cha upasuaji. Daktari alisema baadaye, akivua glavu, kwamba wangechelewa kidogo tu yangekuwa mengine. Mama Tanzia hakumshukuru. Alimuuliza kwa nini basi walikuwa wanasema subirini.

Mtoto alikuwa wa kike, mwenye sauti ya kudai haki.

Siku chache baada ya hapo walikuwa nyumbani. Binti amelala, mkwe amefika na lori lake na anaogopa kupita sebuleni, na Mama Tanzia amekaa kwenye mkeka, mjukuu mapajani. Simu ikalia. Alikuwa Bosi.

"Mama yangu!"

"Sema."

"Kwanza hongera. Pili, nikuhakikishie mashine ni nzima. Kijana wangu tulimweka siku moja, akakimbia. Nikamrudisha Kucha. Anaandika polepole, lakini hajaua mtu."

"Basi tatizo nini?"

"Watu, mama. Watu!" Sauti ya Bosi ilipasuka. "Tulidhani ni vitufe. Kumbe siyo vitufe. Jana shemeji kamkaba shemeji mwenzake kupitia lile tundu. Kucha akawaambia 'tafadhalini'. Tafadhalini, mama! Wakamrushia kalamu. Juzi familia moja imekaa pale tangu asubuhi mpaka tunafunga, hawajaafikiana nani ni mkubwa, marehemu wao mpaka leo hajatangazwa. Hakuna anayewafokea. Mimi nilishuka kuwafokea, wakaniuliza wewe ni nani."

Bosi akakohoa, akajipanga, na ikasikika wazi kwamba amesimama.

"Kwa hiyo, kwa heshima na taadhima, uongozi mzima wa gazeti hili umeketi, na kwa kauli moja, kwa kutambua utumishi wako uliotukuka, umeazimia kukuteua kuwa Mkuu wa Idara ya Matangazo ya Familia, Faraja na Nidhamu ya Wafiwa, cheo ambacho hakijawahi kuwapo tangu gazeti lianzishwe, chenye ofisi orofa ya juu, kiti kipya, na jina lako mlangoni kwa herufi za dhahabu. Jengo zima limesimama hapa linasubiri neno lako. Unasemaje, mama?"

Mama Tanzia aliangalia mapajani pake.

"Mtoto ameninyea," alisema. "Piga kesho."